Kila Mtu na Unga Wake

Mama yangu ana mashine ya kusaga pale Bagara, na tangu nikiwa shule ya msingi nilijua kwamba mashine yetu haisagi kama za wengine. Kwa wengine mahindi yako yanamiminwa nyuma ya mahindi ya mwenzako, mota inaunguruma asubuhi mpaka jioni, na unachobeba nyumbani ni unga wako uliochanganyika kidogo na wa aliyekutangulia. Kwetu sivyo. Mteja mmoja akimaliza, mashine inazimwa. Mfuko wa kitambaa unapigwapigwa kwa kijiti mpaka vumbi la mwisho lidondoke, mteja anayefuata anaitwa achungulie mwenyewe mdomo wa mashine aone hamna punje ya mtu, ndipo amimine mahindi yake, na ndipo swichi inapandishwa. "Kila mtu na unga wake," mama husema, na kina mama kuanzia Bagara mpaka Nangara wanamjua kwa maneno hayo.

Nilijivunia jambo hilo, na bado najivunia kidogo, ndiyo maana linaniuma. Tulikuwa wageni Babati. Baba alihamishiwa hapa kikazi kutoka Singida, akafariki kabla hatujawazoea watu, na mama akabaki na mimi, banda la mabati na ile mota. Mgeni asiye na ndugu mjini huishi kwa neno lake. Neno la mama lilikuwa hilo, na lilifanya kazi. Nimeona mwanamke akizipita mashine mbili barabarani na kikopo cha ulezi wa uji wa mtoto mgonjwa, aje kwetu, kwa sababu kwetu ulezi wake utabaki ulezi wake.

Mimi nasomea umeme, shahada ya pili, chuoni Arusha, na kazi yangu kwa lugha nyepesi ni kuvunja mota ndani ya kompyuta. Wenzake wa kanisani wakimuuliza mama nasomea nini, hujibu, "Magonjwa ya mota." Wanacheka, naye anacheka. Nimeandika kurasa nyingi kueleza utafiti wangu na sijapata maelezo yanayozidi hayo.

Mota ya mashine ya kusaga ina sehemu mbili. Nje kuna waya wa shaba uliosukwa, huo ndio unaopokea umeme. Ndani kuna rota, dude zito la chuma linalozunguka, na ndani ya chuma hicho zimelazwa fito za alumini kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, zikafungwa kwa pete kila upande. Hakuna waya unaopeleka umeme kwenye rota. Inaupata kwa kuambukizwa na ile shaba ya nje, na kwa ajili hiyo inazunguka ikiifuata sumaku ya nje, siku zote nyuma kidogo, haiifikii. Ufito mmoja ukikatika, hakuna anayeona. Mota inaendelea. Ila majirani wa ule ufito wanabeba mzigo wake, wanapata joto, nao wanakatika mmoja baada ya mwingine, mpaka siku moja shaba ya nje inaungua na watu wanasema mota imekufa ghafla.

Kabla ya hapo kuna dalili moja. Umeme ambao mota inavuta unaanza kuyumba, unapanda na kushuka taratibu, kama mtu anayehema. Ukiuchora kwenye kompyuta unapata kilele kimoja kirefu, na ubavuni mwake, kushoto na kulia, vilima viwili vifupi. Mota nzima haina vilima hivyo. Miaka yangu miwili chuoni nimeimaliza nikiandika milinganyo, nikikata ufito mmoja kwa kubonyeza kitufe, nikitazama vilima vinavyoota. Msimamizi wangu alitazama michoro akasema ni mizuri, lakini mota yote hiyo nimeitunga mimi, na ya kutunga hukubali kila unachoiambia. Akaniagiza nilete vipimo vya mota inayofanya kazi.

Nilikuwa nahangaika nitaipata wapi mota mbovu ambayo mwenyewe hajui kama ni mbovu, mama akanipigia simu. Mota yetu ilikuwa imeungua tena, ya pili ndani ya muda mfupi. Na alikuwa amemwondoa kijana wa mashine.

Tulimwita kijana wa mashine ingawa ana mke na watoto wanaosoma. Ni mtu wa Simanjiro. Ng'ombe wao walikufa na ukame, akashuka mjini akiwa hajui hata namna ya kufunga gunia, na mama akamfundisha. Mrefu, mpole, mwenye masikio yaliyotobolewa na kuning'inia, siku zote mweupe unga mpaka kwenye kope. Alimwamkia kila mtu aliyemzidi umri hata kwa mwezi mmoja. Ufunguo wa banda aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na nilipokuwa sekondari nilikuwa namwonea wivu, kwa sababu mama hakuwahi kunipa mimi ufunguo ule.

Mambo yalienda hivi. Mota ilipoungua mara ya kwanza, fundi wa kusuka mota kule nyuma ya soko aliisuka upya, akaiwasha sakafuni karakana kwake, ikazunguka vizuri kabisa. Ilipoungua mara ya pili, aliigeuza shaba iliyoungua mkononi akamwambia mama kwamba mota haina shida, imezidiwa tu. "Kuna mtu anaikamua," alisema. Mama alirudi na neno hilo nyumbani akaanza kulipika. Mota inazidiwaje wakati wateja ni walewale? Lazima kuna mahindi mengine yanasagwa. Yanasagwa lini? Jumapili, wote tukiwa kanisani. Nani ana ufunguo na haendi kanisani? Basi. Jirani mmoja akakumbuka kusikia ngurumo Jumapili moja, na Babati upepo wa mlima Kwaraa unakuletea ngurumo ya mashine yoyote mlangoni kwako.

Asubuhi, foleni ikiwa imejaa, mama alinyoosha mkono akaomba ufunguo. Akasema mbele ya kina mama wote kwamba mtu anayesaga ya pembeni kwa mashine ya mjane hawezi kushika unga wa watu. Jirani ndiye aliyenisimulia hili baadaye, kwa kuwa mama mwenyewe kwenye simu alisema tu, "Nimemwondoa." Yule bwana hakubisha. Aliivua kamba shingoni, akaiweka mkononi mwa mama, akapangusa unga usoni, akaondoka.

Nilipofika kutoka Arusha sikumwambia mama kitu. Nilichukua bajaji nikaenda Nangara kumsalimia mtu yule, kwa sababu nilikua nikimwita kaka. Nikamkuta mkewe peke yake, anapalilia kibustani nyuma ya chumba wanachopanga. Mume alikuwa ameondoka, amerudi Simanjiro kuchunga ng'ombe wa mtu. Alizunguka mjini kuomba kazi kwenye mashine nyingine, akaambiwa kila mahali kwamba wamesikia. Mji wetu ni mdogo, na habari iliyotolewa kwenye foleni ya unga huingia kila jiko mchana huohuo. Watoto walikuwa wanaitwa wezi wa unga bombani.

Mwanamke yule hakulia wala hakunitukana. Alinipa kigoda, akaendelea kupalilia, akaniuliza kama ni kweli nasomea mota.

"Ndiyo," nikasema.

"Basi iulize."

Nimeulizwa maswali na wasomi nikiwa nimevaa viatu vya kubana, mbele ya ubao, na hakuna swali lililonikamata kama lile la kwenye kigoda.

Nilianza kesho yake. Fundi alishairudisha mota imesukwa mara ya pili, na mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akisaga, khanga imefungwa kichwani, macho mekundu kwa vumbi. Nilibana kipimo kwenye waya mmoja wa mota, nikaunganisha na kompyuta, nikakaa kwenye gunia tupu. Nilijua ninachotafuta na nilijua kwa nini fundi hakukiona: rota yenye ufito uliokatika, ukiizungusha bila kazi, haisemi. Inasema ikibeba mzigo. Ilibidi mahindi yawepo, na ilibidi isage mfululizo kwa muda ili vipimo vitulie.

Mteja wa kwanza akamimina debe lake. Mota ikaanza kwa kusuasua, ikapanda, na mstari kwenye kompyuta ukaanza kunyooka. Nikaegemea mbele. Mama akazima.

Akapiga mfuko kwa kijiti. Akamwita anayefuata achungulie. Huyo akamimina, mama akawasha, mota ikasuasua tena, mstari ukaanza kunyooka, mama akazima. Ilikuwa hivyo asubuhi nzima. Vipimo vyangu vilikuwa vipandevipande, hakuna kinachofaa, na hasira yangu haikuwa na pa kutokea. Nikamwambia aiache iende kidogo.

"Iende na mahindi ya nani?" akaniuliza, mbele ya wateja, nao wakacheka.

Mwishowe alikuja mtu na gunia zima la mahindi ya harusi, na mashine ikapata safari ndefu. Nikatazama. Umeme ulikuwa unahema. Ulipanda, ukashuka, ukapanda, taratibu, bila kukosea, na nilipouchora, kilele kirefu kilisimama katikati na vilima viwili vikakaa ubavuni, virefu kuliko vyovyote nilivyowahi kutunga. Zilikuwa fito kadhaa, si mmoja. Nilifurahi. Nilipiga paja langu kwa furaha, nikiwa nimekaa kwenye banda ambalo mtu alifukuzwa kwa aibu, na nikafurahi kama aliyeokota dhahabu. Mota ilikuwa na ugonjwa wake yenyewe ndani, ugonjwa wa zamani. Hakuna Jumapili iliyohitajika kuieleza.

Kisha nikarudisha rekodi nyuma kuanzia asubuhi, niihifadhi, nikaona kitu kingine. Kila mahali mama alipowasha kulikuwa na mstari umesimama wima, mrefu mara nyingi kuliko umeme wa kusaga. Mmoja, mwingine, mwingine, imepangana kama nguzo za uzio kutoka asubuhi mpaka mchana. Hilo lilikuwa kwenye sura ya kwanza ya kila kitabu nilichosoma. Mota inapowashwa huvuta umeme mwingi sana, fito za rota zinapata moto na kuvutana, na ukiiwasha tayari imeshiba mahindi ni mbaya zaidi. Mara chache kwa siku haidhuru. Mashine za wengine huwashwa asubuhi zikazimwa jioni. Ya kwetu iliwashwa kwa kila debe, kwa kila kikopo cha ulezi, tangu nikiwa sijui kusoma.

Nikaifunga kompyuta. Furaha ilikwisha palepale.

Kumsafisha yule bwana kulikuwa ni kumwambia mama kwamba aliyekata fito ni yeye, na kwamba alizikata kwa lile jambo moja analoheshimiwa kwalo katika mji huu. Niliwaza kumwambia nusu tu. Rota ni mbovu, mama, uzee, basi. Ningeweza. Lakini ingewekwa rota nyingine nayo ingekatika hivyohivyo, na mtu mwingine angevuliwa ufunguo.

Sikuwa na moyo wa kumwonyesha michoro, na mama asingeiamini. Vilima kwenye kioo ni vilima tu. Nikamwomba fundi wa mota aitoe rota, nikamweleza ninachotaka, naye akanitazama kwa shaka lakini akakubali. Karakana yake ina mashine ya kuchomelea kama kila karakana. Tulibana nyaya zake kwenye zile pete mbili za rota, upande huu na huu, ili umeme upite ndani ya fito. Kisha akachukua chenga laini za chuma zilizodondoka chini ya msumeno, nami nikazinyunyiza juu ya rota kwa vidole, kidogo kidogo, huku yeye akiizungusha.

Mama alikuwa amesimama karibu, pochi kifuani. Chenga zilianguka na kujipanga zenyewe. Palipo na ufito mzima, umeme unapita, na chenga zikasimama mstari mmoja mweusi kutoka pete hadi pete. Mstari, mstari, mstari. Halafu pengo. Chenga zilizoanguka pale ziliteleza zikaenda zao. Mstari mmoja, halafu pengo pana, pengo lingine.

Fundi akasema yeye husuka shaba, hakuna anayemletea rota. Akakumbuka kwamba mara zote mbili alipofungua ile mota alikuta vitone vya alumini chini ya ganda lake, akavifagia, akidhani ni uchafu wa kuchomelea. Hakujitetea zaidi ya hapo, wala sikumlaumu. Kila mtu alikuwa amefagia kitu.

Mama aliweka kidole kwenye pengo. "Ni nini kinazikata?"

"Kuwasha," nikasema. "Kuwasha mara nyingi, na mahindi yakiwa ndani."

Kwenye bajaji aliangalia nje njia nzima. Tulipofika nyumbani, akavua viatu, akaketi kwenye kochi la baba, na ndipo akageuka mkali, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa mtoto. Kwa hiyo angechanganya unga wa watu? Kwa hiyo mwanamke aje na mahindi yaliyopepetwa, yaliyooshwa, aondoke na pumba za mwenzake, ili mota ya mama yako isichoke? Nilimjibu kwamba hapana, kuna njia. Afunge kile kibao cha juu kinachozuia mahindi yasishuke, aache mashine izunguke tupu, mfuko upigwe hivyohivyo, unga wa mtu uishe wote, halafu mteja wa pili amimine bila kuzima.

"Na mteja atajuaje kama umeisha? Hataweza kuchungulia inazunguka."

"Atakuamini, mama."

Nililisema kama jibu la kawaida la swali la kawaida. Lilipokwisha kutoka mdomoni ndipo nikalisikia, naye nikaona amelisikia. Akashika goti lake, akalisugua, muda mrefu. Kisha akaniambia nipige namba ya kijana wa mashine.

Simanjiro mtandao ni wa kubahatisha, ilibidi nirudie. Alipopokea, nyuma yake kulikuwa na kengele za ng'ombe na upepo. Niliweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama," akasema, kabla mama hajasema lolote.

"Marahaba, mwanangu." Alimweleza yote, rota, chenga, kuwasha, na sikumsaidia hata neno moja. Akasema alimkosea. Akasema ufunguo upo, arudi.

"Nimekusikia, mama, na asante," akasema yule bwana, kwa adabu ileile. "Lakini hukunifukuza kwenye simu."

Akatuaga, akawaombea heri watu wa nyumbani, akakata.

Fundi alipata rota nzima kutoka kwenye mota kuukuu iliyoungua shaba, ikafungwa, na banda likaanza kufanya kazi kwa utaratibu mpya. Mama aliwatangazia wateja kwamba mashine haizimwi tena kati ya mtu na mtu. Walinung'unika, kama ilivyotarajiwa. Mmoja aliondoka na debe lake kichwani bila kusema kwaheri. Nilimwona mama akimtazama mpaka akapotea kwenye kona, na nilijua inavyomkata.

Lakini jambo la yule bwana hakulitangaza. Alikuwa ameamua namna yake. Kila mteja alipofika mbele, baada ya kumimina mahindi, mama alimvuta karibu, akamwinamia sikioni, akasema maneno yake. Niliposogea nikayasikia: yule kijana hakusaga ya pembeni, mota ilikuwa mbovu, kosa ni langu. Alimwambia huyu, akamwambia yule, mmoja mmoja, kila mtu na wake. Mwanzoni nilishikwa na uchungu wa mapenzi nikimwangalia. Mwanamke wa umri wake, anayeongoza maombi kanisani, anakula aibu yake kijiko kwa kijiko.

Siku iliyofuata nikaanza kutazama nyuso. Mashine sasa ilikuwa inaunguruma bila kukoma, na mama alikuwa akiongea wakati huo huo, chini chini, kwenye ngurumo ileile inayotufanya sote kwenye banda lile tupige kelele tukitaka kijiti. Wateja walitikisa kichwa kwa heshima. Mmoja alimjibu, "Amina." Mwingine nilimfuata mpaka nje nikamuuliza mama amemwambia nini, akasema nadhani kasema bei imepanda. Nikarudi ndani nimefura. Nilitaka kumwambia mama kwamba anaijua vizuri sauti ya mashine yake, na kwamba hajasema kitu. Nilimkuta anafuta jasho kwa ncha ya khanga, anaonekana mwepesi, kama mtu anayelipa. Sikuweza. Sijui kama ilikuwa huruma au uoga, na mpaka leo sijui.

Halafu mke wa yule bwana akaja.

Alikuja asubuhi foleni ikiwa imejaa hadi barabarani, na debe la mahindi kichwani, khanga safi. Tangu mumewe aondoke hakuwahi kukanyaga pale. Kina mama wakamtazama na kuacha kuongea, wakampa nafasi zaidi ya anayohitaji mtu mmoja. Hakuruka foleni. Alisogea nayo hatua kwa hatua mpaka akafika mbele, akamwamkia mama, akatua debe. Mama alikuwa amekauka usoni. Alisubiri unga wa aliyetangulia uishe, akapiga mfuko, kisha akafanya kama alivyowafanyia wengine. Alimwinamia sikioni, midomo yake ikaenda, ikarudi.

Mwanamke yule alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akapaza sauti juu ya ngurumo.

"Zima mashine, mama. Sijasikia."

Mama akanigeukia mimi. Nilikuwa nimemkataza kwa maneno yote ninayoyajua, kwa michoro, kwa chenga za chuma, asiizime mashine ile bila sababu. Nikatikisa kichwa kukubali.

Akaishusha swichi. Mashine ya kusaga haisimami mara moja; nyundo zake za kusagia zinaendelea kuzunguka ndani, sauti inashuka, inashuka, inakuwa mluzi, inakuwa pumzi. Hakuna aliyesogea muda wote huo. Ilipokwisha kabisa nikasikia kuku wa jirani, bodaboda ikipita chini barabarani, na mtoto mmoja kwenye foleni akiuliza kwani umeme umekatika.

"Kijana wangu wa mashine hakuiba," mama akasema. Akapaza sauti, akiwatazama watu badala ya mahindi. "Hakusaga ya mtu Jumapili wala siku yoyote. Mota niliiharibu mwenyewe kwa kuwashawasha. Nilimsingizia hapahapa mbele yenu, na nilimsingizia kwa sababu haendi kanisani na sina mwingine wa kumsingizia."

Hiyo ya mwisho hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mimi. Alisimama, mikono imening'inia, nyeupe mpaka viwiko.

Mke wa yule bwana akainua debe lake. Mashine ilikuwa kimya, mdomo wake wazi, na kama zamani aliinama akachungulia ndani, hana haraka, upande huu na upande huu. Ndipo akamimina.

"Saga, mama," akasema.

Mama akawasha. Nilifumba macho nikaisikiliza mota ikipanda na mzigo wake, bila kusuasua, hata fito hazikunung'unika. Mwanamke yule alisaga, akafunga unga wake kwenye kiroba, akajitwisha. Ufunguo ulikuwa umetundikwa kwenye msumari kando ya mlango, na kamba yake ya kiatu, umekaa hapo tangu siku ile ya simu. Aliutazama akipita, hakuugusa.

"Nitamwambia nimesikia," akasema, akashika njia ya Nangara.